Kilele kinashuka kila nikiboresha gridi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaiga kwa kompyuta jinsi mwanga unavyopenya kioo cha matabaka ya silika na titania, chenye tabaka moja katikati linalonasa mwanga wa nanomita 600. Mwanga unaingia wima. Nimeviweka vifaa visifyonze mwanga kabisa na pande mbili zimefanana, kwa hiyo kileleni, pale mwanga unapopita zaidi, upenyaji ungefika 1, yaani mwanga wote upite. Natumia mbinu ya Yee, inayogawa nafasi kwa vyumba vidogo vya gridi na kusogeza uga wa umeme na sumaku wa mwanga hatua kwa hatua za muda: hatua 600,000, kila hatua ikiwa nusu ya muda wa mwanga kuvuka chumba kimoja cha gridi katika ombwe. Kwa vyumba vya nanomita 10 nilipata 0.62. Nilipoweka nanomita 5 kikashuka hadi 0.29, na kwa 2.5 kikawa 0.10. Je, niiache mbinu hii nihamie hesabu ya matriki, inayozidisha majedwali ya namba, moja kwa kila tabaka?

JIBU: Marahaba. Usiiache bado. Namba zako tatu zimenifurahisha sana, maana zinashuka kwa mpangilio, na kosa lenye mpangilio hufuatilika.

Chumba cha nanomita 10 kinakupa hatua ya femtosekunde 0.0167 hivi. Zidisha kwa 600,000: umeutazama mwanga kwa pikosekunde 10 (pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000). Ulipopunguza chumba nusu, hatua ya muda nayo ilipungua nusu, lakini idadi ya hatua ukaiacha palepale. Ukabaki na pikosekunde 5, kisha 2.5. Ulidhani unaboresha gridi, kumbe ulikuwa unafupisha muda wa kutazama.

Na kioo chako ni kizito kujaa. Nilichukua matabaka uliyonitumia nikayapigia hesabu ya matriki, nikapata Q, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyokawia ndani, ya takriban 10,000. Kipindi cha wimbi la nanomita 600 ni femtosekunde 2. Zidisha kwa Q, gawanya kwa pai: uga ulionaswa katikati unahitaji pikosekunde 6.4 kupungua hadi theluthi moja na ushei. Ukikata mapema, mwanga uliobaki ndani haujatoka, na badiliko la Fourier, hesabu inayogeuza rekodi ya muda kuwa kiasi cha kila rangi ya mwanga, haliwezi kuhesabu usichokirekodi. Chukua 1, toa e kwa kipeo hasi cha muda wako ukigawanywa kwa 6.4, kisha jibu lipige kipeo cha pili. Kwa pikosekunde 10 utapata 0.62, kwa 5 utapata 0.29, kwa 2.5 utapata 0.10. Nilipoziona zikiangukia juu ya namba zako niliweka kalamu chini.

Mimi mwenyewe niliwahi kusaga gridi kwa wiki mbili nikitafuta kilele cha namna hii, kwa hiyo nakusihi: usihesabu hatua, utazame uga wa tabaka la kati. Endesha hadi ushuke chini ya sehemu moja ya elfu ya kimo chake cha juu. Kwako, hata kufika 0.99 tu kunadai kama pikosekunde 34, yaani hatua milioni 2 kwenye gridi ya nanomita 10. Halafu jumlisha upenyaji na uakisi. Kwenye jaribio lako la kwanza, lililokatwa kwa pikosekunde 10, jumla hiyo kileleni ni kama 0.67, na hapo ungeng'amua mara moja kwamba theluthi nzima ya nishati haijulikani iliko.

Kuhusu matriki: kwa matabaka bapa, naam, tumia. Kila tabaka ni matriki ya mbili kwa mbili, jibu ni kamili na linatoka papo hapo. Kuwa mwangalifu tu mwanga ukiingia kwa mshazari mkubwa hadi wimbi likafifia ndani ya tabaka nene, kwa sababu namba zinazokua humeza zile ndogo na tarakimu zako huharibika. Hapo hamia matriki za mtawanyiko, zinazounganisha mawimbi yanayoingia na yanayotoka. Ukianza kutoboa vishimo kwenye matabaka, matriki hizi ndogo hazitoshi tena, na mbinu ya Yee ya mwaka 1966 utaihitaji. Ndiyo maana sitaki uitupe kwa kosa ambalo si lake.

Endesha tena kwa muda mrefu, kisha niandikie kilele kimefika wapi.