Kaa huyu, kaa hili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Katika maelezo ya XML, lugha ya kupanga data kwa lebo, niliandika kuwa neimspesi (namespace, njia ya kutenganisha lebo zenye jina moja) “hutoa maana ya lebo”. Mwenzangu amekataa, anasema nimechanganya sintaksia (kanuni za muundo) na semantiki (maana). Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na kosa liko kwenye kitenzi.

Pita Deep Sea, soko la samaki, asubuhi. Ukisikia “kaa huyu ametoroka kapuni”, umeshajua ni wa pwani. Geukia jikoni kwa mama lishe: “kaa hili limezimika”. Neno ni lilelile; upatanisho ndio uliowatenganisha. Lakini “huyu” haikwambii kaa ana miguu mingapi wala anapikwaje. Nakiri mfano unachechemea kidogo, maana a- inadokeza kiumbe hai. Neimspesi haidokezi hata hilo.

Kanuni za neimspesi zilitolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 1999. Lebo ya title imo katika XHTML, lugha ya kurasa za wavuti, na imo pia katika SVG, lugha ya michoro. Zikikutana kwenye faili moja, kila moja hufungwa kwa anwani yake, ambayo ndiyo jina la neimspesi. Ya SVG ni http://www.w3.org/2000/svg. Kile kiambishi kabla ya nukta pacha ni kifupi tu cha anwani. Andika h:title au ukurasa:title. Maadamu vyote vimefungwa kwa anwani moja, hilo ni jina moja. Badili herufi moja ya anwani, hata kubwa kuwa ndogo, tayari ni jina jingine. Wala anwani si lazima ifungue ukurasa wowote. Programu huilinganisha herufi kwa herufi, basi.

Hapo bado tuko kwenye sintaksia, kama tunavyoikataa “mnazi amekula wali” kwa sababu mnazi hauchukui a-. “Mnazi umekula wali” inapita salama. Semantiki ndiyo inayouliza, mnazi unakulaje? Kwamba title ya XHTML ni kichwa cha ukurasa mzima, hilo limeelezwa kwa maneno ya kawaida katika waraka wa XHTML, na mtunga programu ameusoma akautekeleza. Anwani haikusema lolote.

Andika hivi: “Neimspesi hubainisha lebo ni ya msamiati upi.” Na neno lenyewe liweke katika ngeli ya i-zi: neimspesi hii imetangazwa, neimspesi hizi zimetangazwa.