Shingo Iliyokaza na Sanduku la Makufuli Matatu

Nilianza kuamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu. Macho yanafunguka, moyo unakwenda mbio, na hapo hapo nimeshaanza kuhesabu: nani amerejesha, nani bado, na yule wa Jumatano alimaanisha Jumatano ipi. Mchana nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Jioni nilikuwa mhazini wa kikoba chetu, wanawake 24 wa mtaa mmoja hapa Mbagala, na fedha zao zote zilikuwa kwenye simu yangu. Shingo ilikaza mpaka nikiitwa nageuka mwili mzima. Asubuhi taya linauma kwa kusaga meno usiku.

Kabla sijasema lolote kuhusu mafuta na majani, naomba uanze nilikoanzia mimi, zahanati. Moyo kwenda mbio si lazima uwe msongo wa mawazo. Unaweza kuwa upungufu wa damu, tatizo la tezi ya shingo, au presha. Mimi nilipimwa presha ikasoma 148/96. Daktari akasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudi siku nyingine mbili, na kila nikifika nikae nitulie kwanza. Mara zote mbili ikashuka chini ya 140/90, na damu ilikuwa ya kutosha. Hakuniandikia dawa. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakunywa chai vikombe vingapi, na nina nani wa kuzungumza naye. Swali la mwisho sikuwa na jibu lake.

Mwezi huo shangazi yangu alikuja kutoka Pangani. Namwamkia shikamoo, naye kabla ya marahaba ameshanishika bega. "Mwanangu, hapa pamekuwa ubao." Usiku ule alitandika mkeka, akapasha mafuta ya nazi kidogo juu ya maji ya moto, akanichua. Anaanzia nyayo, anapanda taratibu, wala hagusi shingo mpaka mgongo mzima umelegea. Kiganja chote ndicho kinachofanya kazi, vidole anavitumia mwishoni tu. Ilichukua kama saa nzima, na simu aliitoa chumbani tangu mwanzo. Nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Nimefikiria sana kwa nini ilinifaa vile. Mtu mwenye hofu hukaza misuli bila kujua, na misuli iliyokazwa kutwa nzima huuma, na maumivu nayo hufukuza usingizi. Kuchuliwa hukata mzunguko huo mahali pamoja. Lakini naamini ile saa moja ambayo hakuna aliyenidai kitu ilikuwa nusu ya dawa. Shangazi alipoondoka nilimfundisha binti yangu, na sasa kila Alhamisi usiku ananichua mabega kwa dakika 20, nami namchua miguu.

Kuchua nako kuna mipaka. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuchue. Huenda kuna damu iliyoganda ndani, nenda hospitali. Mwenye homa aachwe apumzike. Tumbo la mjamzito lisikandwe. Na usimruhusu mtu yeyote akuvunje shingo kwa kuizungusha ghafla mpaka ilie.

Kosa langu mimi lilikuwa mafuta ya karafuu. Niliyapaka shingoni jinsi yalivyo kwenye chupa, nikiamini yakiwa makali ndiyo yanaponya. Ngozi iliungua, ikabaki na alama kwa wiki kadhaa. Mafuta yale ni makali mno kupakwa peke yake. Sasa natia matone mawili tu kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, na mara ya kwanza nilijaribu sehemu ndogo ya mkono nikasubiri siku nzima.

Kwenye basi, ambako hakuna mkeka wala shangazi, nina pumzi. Navuta hewa kwa pua nikihesabu mpaka nne, naitoa nikihesabu mpaka sita. Ni kama pumzi sita kwa dakika. Ukitoa hewa taratibu mapigo ya moyo hupungua, mwili umeumbwa hivyo, kwa hiyo ile hesabu ndefu iwe ya kutoa. Nafanya dakika tano foleni ikisimama. Kitandani nafanya kitu kingine: nakaza ngumi kwa sekunde chache, naachia, nakunja mabega, naachia, hivyo hivyo mpaka vidole vya miguu. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliandika kuhusu njia hii tangu 1929. Uzuri wake ni kwamba unajifunza kutambua mwili uliokaza, na baada ya wiki mbili nilikuwa naligundua taya langu limebana nikiwa kazini, katikati ya mchana.

Chai ya rangi niliiacha baada ya saa tisa alasiri. Nusu ya kafeini inaweza kubaki mwilini saa tano baada ya kunywa, nami nilikuwa nakunywa vikombe viwili saa moja usiku halafu nalaumu mawazo. Sasa jioni ni mchaichai. Siwezi kukuapia kwamba majani yale yanaondoa wasiwasi. Ninachojua ni kwamba yananikalisha kibarazani mpaka kikombe kiishe. Na siku za kazi nashuka Zakhem natembea mpaka Rangi Tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwendo wa haraka wa miguu umo ndani yake.

Dawa za chupa zisizo na lebo nakusihi uziache. Nilinunua moja niliyoahidiwa itaondoa mawazo kwa siku saba, ikaniharisha siku tatu. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao, basi muulize muuzaji usajili wake. Kama unatumia dawa za presha, kisukari au za kuzuia damu kuganda, mwonyeshe mfamasia kila mzizi unaotaka kuunywa. Na huzuni ikikukalia wiki mbili, au ukianza kufikiri kujidhuru, usingoje mafuta wala mchaichai. Mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitali.

Pamoja na yote hayo, saa tisa usiku iliendelea kuniamsha, mara chache zaidi lakini iliniamsha. Mwili ulikuwa umelegea na bado fedha za watu 24 zilikuwa kwenye simu yangu. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na utulivu wa kulitazama jambo lenyewe. Kikoba chetu kilipoanza kilikuwa na sanduku la makufuli matatu, funguo kwa wanachama watatu, na halifunguliwi ila mbele ya kikao. Tuliliacha kwa sababu simu ilikuwa rahisi, na urahisi wote ukaniangukia mimi.

Jumamosi moja nilivuta pumzi zangu sita, nikasimama kikaoni nikasema nimechoka, silali, naomba sanduku lirudi. Nilitegemea wanune. Mama mmoja mzee akasema, "Mwanangu, ungesema mapema." Funguo moja anayo yeye, ya pili iko kwa jirani yangu, ya tatu ninayo mimi, imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni.