Maswali ya Wasomaji: Setilaiti ya Kwanza ya Biashara

SWALI: Ndugu Mhariri, ikiwa Telstar ilivusha picha za televisheni juu ya Atlantiki mwaka 1962, mbona Early Bird ndiyo huitwa setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya kibiashara?

JIBU: Telstar ilikuwa ya majaribio, tena iliizunguka dunia kwa saa mbili na nusu hivi, hata vituo vya Marekani na Ulaya vikaweza kuitumia pamoja kwa dakika 20 tu hivi kila ilipopita. Early Bird, iliyorushwa Aprili 6, 1965, iliwekwa kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, ambako mwendo wake ulilingana na mzunguko wa dunia, nayo ikaonekana kama imetulia juu ya Atlantiki. Hivyo huduma yake iliweza kuuzwa mfululizo. Ilibeba mazungumzo 240 ya simu au chaneli moja ya televisheni, na picha zilipopita, simu zilingoja.