Wasomaji wangu wa kwanza walikuwa wakichambua karafuu

Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki ni hili: "Kitabu cha mwandishi wa kwenu humfikiaje msomaji, na ni nani anayemshika mkono mwandishi huyo?" Nimelisoma mara mbili, nikaona sina ruhusa ya kunyamaza, kwa sababu mwandishi wa kwetu ni mimi mwenyewe. Nakaa Wete, Pemba. Nimeandika vitabu viwili, riwaya fupi ya binti wa mchumaji karafuu na mkusanyiko wa hadithi za watu wanaosubiri boti. Vyote nimevichapisha kwa fedha zangu.

Nianze na njia, maana ndiyo iliyoulizwa. Nakala 300 za riwaya zilichapwa Dar es Salaam, zikavuka hadi Unguja, zikalala siku mbili kwa wifi yangu, kisha zikapanda boti nyengine hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Kutoka Mkoani mpaka Wete unakata karibu kisiwa kizima, na nilisafiri nayo yale maboksi ndani ya gari ya abiria, moja chini ya miguu yangu, mengine juu ya paa pamoja na mapakacha ya watu. Boksi moja lilikuwa limeshaingia maji ya bahari, nakala 17 zikavimba. Hizo sikuziuza, nilizigawa. Nitazirejea.

Ama maduka, yale ya hapa kwetu yanayouza vitabu yanaishi kwa madaftari, vitabu vya skuli na vya dini. Mwenye duka mmoja alinipokelea nakala 5 kwa ihsani, akazipanga karibu na kalamu. Mwezi mzima ikatoka moja.

Kitabu changu kilisomwa ulipoingia msimu. Aliyekulia Pemba anazijua nyusi za watu zinavyokunjuka msimu ukiwa mzuri, na anaujua usiku wake. Karafuu zikishateremshwa shamba hupimwa kwa pishi, mchumaji akapata haki yake, kisha inabaki kazi ya kuchambua. Unashika shada kwa mkono mmoja, unalisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinamiminika huku, makonyo yaliyozishika unayatupa kule. Wengi wanaoifanya kazi hii ni wanawake na watoto, baada ya isha, duara juu ya jamvi. Vidole vinanata, na harufu haitoki hata ukioga mara tatu. Shangazi yangu ndiye aliyesema, "Mwanangu, lete hicho kitabu chako utusomee. Mikono yetu imeshughulika, lakini masikio tunayo."

Nikaketi karibu na taa nikasoma. Sikufika mbali. Katika ukurasa wa tatu bibi mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, akaniinulia mkono uliojaa makonyo.

"Hebu rudia hapo."

Nikarudia: "Wakulima walikuwa wakivuna karafuu na kutupa vijiti."

"Mpunga ndio unaovunwa, mwanangu. Karafuu huchumwa. Na vijiti gani? Haya niliyoyashika mimi ni vijiti?"

Hakuna aliyecheka. Walinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. Kwa sababu mimi niliandika *kuchuma*, na niliandika *makonyo*. Mhariri wa Bara niliyemlipa anisahihishie mswada ndiye aliyeyapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba msomaji hatayaelewa. Ngoeko, ile fimbo yenye ndoana ya kuvutia matawi ya mbali, aliifuta kabisa, akamwacha baba wa binti yule juu ya mkarafuu na mikono mitupu. Nami nilikubali. Nilidhani aliye mbali na kwetu anaijua lugha zaidi kuliko mama yangu.

Siigombi lugha sanifu. Nimeisoma, naifundisha, na barua hii nimeiandika kwayo. Tunajua sote kwamba Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wake, na kwamba tangu 1930 ilikuwapo Kamati ya kuisimamia. Lakini usanifu haukuja kumnyang'anya mtu majina ya kazi yake. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa wingi, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachobeba karafuu za Zanzibar. Watu wa kazi hiyo, kizazi juu ya kizazi, lazima wawe na jina la kila kipande chake. Pale Wawi, kisiwani humu, kipo hata kiwanda cha kukamua mafuta ya hayo makonyo! Neno lenye kiwanda chake haliwezi kuwa neno lisiloeleweka. Msomaji wa Dodoma asiyelijua atalijua akifika ukurasa wa nne, kama mimi nilivyojifunza majina ya theluji vitabuni bila ya kuiona.

Sasa nije kwa wanaonishika mkono. Tuko tisa. Hatujajipa jina, na hatuna ofisi, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mkewe hutuletea chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, Mwenyezi Mungu amlipe. Yupo muuguzi, wapo wanafunzi wawili wa chuo, yupo fundi cherehani anayeandika hadithi za watoto, na yupo mvuvi wa dagaa mwenye daftari la mashairi alilolifunga kwa mfuko wa nailoni. Huyu humpati kwenye kiza, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa na usiku usio na mwezi ndio wake. Mbaamwezi ikiingia ndipo anapopanda kutoka pwani, na sisi wengine tumejizoesha kuuhesabu mwezi ili siku ya mashairi imkute yupo.

Tuna sharti moja tu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifanya mwandishi. Mwenye kazi hasomi kazi yake. Anampa mwengine asome kwa sauti, na yeye anakaa kimya mpaka mwisho. Ukisoma mwenyewe, sauti yako inaziba mashimo: unapumzika pasipo na nukta, unatia huzuni isiyoandikwa. Akisoma mwengine, unamsikia anapogota. Mara ya kwanza nilisomewa na mvuvi yule. Alikwama kwenye sentensi moja mara tatu, akaomba radhi, akidhani kosa ni lake. Sentensi ile ilikuwa na "ambaye" mbili na "ambalo" moja. Nikaenda nyumbani nikaivunja vipande vitatu, na tangu usiku ule sijaandika sentensi ambayo mtu aliyechoka na kazi hawezi kuisoma kwa pumzi moja.

Halafu ndio majibu, na hapo kuna jadi ya kwetu. Pemba hii ndiyo ya Kamange na Sarahani, washairi waliokuwa wakijibizana beti kwa beti, na kujibiwa kwa ubeti ni heshima, maana yake maneno yako yamesikika hadi yakamkosesha mtu usingizi. Basi kwetu mtu akileta shairi, Jumamosi inayofuata lazima awepo wa kumjibu. Muuguzi wetu alileta shairi la zamu ya usiku wodini. Mvuvi akamjibu kwa shairi la zamu yake mwenyewe baharini, kwa vina vile vile. Nimeyasikia mengi, lakini hayo mawili nayaweka juu.

Vitabu vya wenzetu tunavisoma hivyo hivyo, kwa zamu na kwa sauti. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo wa Zanzibar kupewa Nobel, tuliisoma watu tisa kwa nakala moja. Na Zainab Alwi Baharoon aliposhinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya 2018, ile ya fasihi ya Kiswahili, kwa riwaya yake *Mungu Hakopeshwi*, tulifurahi kama harusi ya nyumbani. Mmoja wa wale wanafunzi wa chuo ameniambia kwamba tangu hapo mama yake hamuulizi tena anaandika nini usiku.

Kosa, basi, halikuwa la mhariri peke yake. Mswada uliporudi na wino wake mwekundu, sikuurudisha barazani. Niliona haya kuwasumbua tena watu walioufanyia kazi miezi minane, nikaupeleka moja kwa moja kwa mpiga chapa. Kitabu cha pili sikurudia hivyo. Kilikwenda kwa mhariri mwengine, kikarudi barazani, kisha nikakipeleka kwenye jamvi kabla ya kuchapwa. Na riwaya ya kwanza, nakala zilipokwisha, niliipiga chapa upya ikiwa na kuchuma, makonyo na ngoeko. Sikuweka faharasa wala maelezo. Baba wa binti yule sasa ana fimbo yake.

Zile nakala 17 zilizovimba niliwagawia wachambuaji wa karafuu, kwa kila nyumba iliyonikaribisha, kwa ombi kwamba kila atakayesoma aandike jina lake ndani ya jalada la nyuma kisha ampe mwengine. Mwanzoni jambo hili lilinichoma moyo, nikiona mtu mmoja ananunua na kumi wanaazima, na deni la mpiga chapa liko palepale. Siku hizi nafikiri tofauti, kwa sababu wengi walioninunulia kitabu cha pili nimeyakuta majina yao kwenye majalada hayo. Walinionja kwanza.

Mwezi uliopita moja imerudi. Imenuka karafuu, ukurasa wa 40 una doa la bizari, na uzi wa mgongo umeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi mweusi. Nyuma mna majina 23, mengine kwa kalamu ya risasi, moja kwa herufi za Kiarabu. La mwisho ni la yule bibi jirani yetu, aliyeniinulia mkono usiku ule. Yeye hakwenda skuli, na mwandiko ni wa mjukuu wake, lakini maneno ni yake, namsikia kabisa. Chini ya jina lake ameandikisha: "Sikusoma. Nimesomewa, mara mbili."