Kazi ya Novemba Ifanye Agosti

Nilianguka kwenye ngazi siku ambayo mvua ya kwanza ya mwaka ule ilinyesha, ndiyo maana siisahau. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba, nina miaka 54. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa wilaya ya Kongwa tangu saa nane mchana, ndipo nikakumbuka gata. Gata la nyumba yangu hapa Nzuguni, Dodoma, hujaa majani ya mwarobaini na vumbi la miezi saba lililogandamana kama udongo wa kufinyangia. Mwaka ule kulikuwa na kiota cha shomoro pia. Nikaegesha ngazi ambayo fundi aliisahau uani, nikapanda na upawa wa kupakulia wali. Tone la kwanza likagonga bati. Nikaharakisha, na ngazi ikateleza.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki sita. Usiku ule nilirudi kutoka hospitali nikakuta tangi la lita 2,000 tupu kama lilivyokuwa asubuhi, na uani maji yamechimba mfereji kuelekea kwa jirani.

Kesho yake jirani huyo akaja kunipa pole. Ni bibi wa Kigogo aliyepita miaka 70, hunisalimia "Mbukwa" nami humjibu "Mbukwa", basi hapo Kigogo changu kinaishia. Akatazama mkono, akatazama gata.

"Mama, ndiyo ulikuwa unasafisha jana?"

"Ndiyo, bibi. Niliona mvua inakuja."

"Langu lilisafishwa wakati wa upepo," akasema. "Mvua ukishaiona, hapo umeshachelewa."

Nieleze kidogo kwa nini maneno yale yaliniingia. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kuna masika na kuna vuli. Ukizembea moja, ya pili inakuja kukuokoa. Nilihamia Dodoma mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahama kutoka Dar es Salaam, nikaja na tabia zangu za pwani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Unaanza mwisho wa Novemba au Desemba, na Aprili umekwisha. Katikati, Januari au Februari, mvua inaweza kukata wiki mbili tatu mahindi yakakunja majani. Baada ya Aprili ni ukavu mpaka mwaka karibu uishe. Ukichelewa hapa umechelewa mwaka mzima.

Nilipokuwa na miaka 35 kuchelewa hakukunisumbua, kwa sababu nilifidia kwa nguvu. Wageni wanafika jioni, nyumba chafu? Nitafagia, nitadeki, nitapika, kwa saa tatu yote yamekwisha. Ripoti inatakiwa Jumatatu? Nakesha Jumapili. Nilidhani mimi ni mtu wa mpangilio, kumbe nilikuwa na magoti mazuri tu. Nguvu ya kufidia ikipungua, kitu pekee unachoweza kuweka badala yake ni muda. Kwa hiyo siku hizi kila kazi naifanya msimu mmoja kabla ya ule unaoidai.

Nianze na gata lenyewe, maana ndilo lililonigharimu. Agosti na Septemba Dodoma ni upepo na vumbi, hakuna anayewaza mvua, na mafundi wana nafasi. Miezi hiyo ndiyo ya kusafisha gata, kuziba bati linalovuja na kuosha tangi ndani. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Bati lako likiwa na mita za mraba 80, mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 800, toa kidogo zinazorukia nje. Mvua tatu za namna hiyo tangi langu limejaa, na mgao wa maji hauniumizi kichwa. Ila mvua ya kwanza iache ipite, chomoa bomba la kuingilia tangini. Hiyo inaosha paa, na paa la Dodoma lina mengi ya kuoshwa.

Na wewe mwenyewe usipande. Nawaambia hasa akina mama wenzangu mliozoea kujifanyia kila kitu. Mfupa wa miaka 54 ukivunjika unaunga, lakini taratibu, na hata leo mkono wangu hausongi ugali vizuri wakati wa baridi.

Baridi yenyewe ni Juni na Julai. Wageni hawaamini, wanajua Dodoma ni jua. Sisi tunaofanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba, unaposimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi na ule upepo wa uwandani, goti linakuambia umri wako bila kuulizwa. Sweta nanunua mnadani mwezi wa Februari, joto likiwa bado lipo na wauza mitumba wanaziona mzigo. Magaga ya miguu nayo: anza kupaka mafuta Mei, usingoje kisigino kipasuke mpaka kitoe damu. Na macho. Ukanda huu una vumbi na maji ni ya taabu, ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewasumbua watu wa Kongwa miaka mingi. Nawa uso kila ukirudi nyumbani, wala usione ni jambo la watoto.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mimi ni mtu wa masijala, ofisi inayotunza majalada ya watumishi, mwaka wa 31 huu. Kuna kisa nakiona kila mwaka, kinabadilika sura ya mtu tu. Mtumishi amebakiza miezi miwili mitatu astaafu. Anakuja dirishani ameshika bahasha, anaongea kwa upole kuliko kawaida yake. "Dada, naomba uniangalizie jalada langu." Tunalifungua pamoja. Barua ya kuajiriwa mara ya kwanza haipo. Ya kuthibitishwa kazini haipo. Aliajiriwa wilaya nyingine enzi za mashine ya taipu, akahamishwa mara nne, na kila uhamisho jalada lilisafiri kwenye boksi juu ya lori na makabati. Mchwa, mvua, kurasa zilizochomoka. Mafaili yalipohamia kwenye kompyuta, kilichoingizwa ni kile kilichokuwepo. Kompyuta haikuzaa barua iliyopotea. Basi mzee wa watu wa miaka 59 anaanza safari za kurudi halmashauri alikoanzia kazi, kumtafuta karani ambaye pengine alishazikwa.

Nimewaona wengi. Nimewapa pole, nimewapa kiti. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupekua karatasi zangu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

Lile hogo ndilo lililonikalisha. Mkono wa kulia umefungwa, siwezi kupika, siwezi kuandika, nikavuta begi la karatasi kutoka uvunguni nikaanza kupanga kwa mkono wa kushoto. Barua ya kuajiriwa, ipo. Ya kuthibitishwa, ipo, imeliwa kona. Cheo cha kwanza, cha pili. Halafu nikaweka barua ya ajira kando ya kitambulisho cha taifa. Kwenye barua baba yangu ni "Mohamedi". Kwenye kitambulisho ni "Mohamed". Herufi moja! Ile "i" ilinipeleka kwa wakili kuandika hati ya kiapo, ikanipeleka kwa mwajiri, ikanipeleka tena, kwa miezi mitano. Lakini niliimaliza nina miaka 55, naenda kwa miguu yangu, mshahara unaingia. Wazia nikiigundua nina 60, mshahara umekatika, na kila nauli inatoka kwenye akiba.

Kwa hiyo ukigusa 50 tafuta wikiendi moja, kaa chini. Barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa, za vyeo, za uhamisho: toa nakala, ziweke nyumbani, na nyingine kwa mtoto unayemwamini. Linganisha majina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Nenda kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii uombe taarifa ya michango, uipitie mwezi kwa mwezi. Mwezi uliorukwa ukiwa kazini utakwenda kuuuliza chumba cha pili. Ukishastaafu ni safari.

Na kikokotoo, ile hesabu ya kugawa mafao ya kustaafu. Watumishi tuliokuwa tunategemea mkupuo wa asilimia 50, yaani nusu ya mafao kulipwa kwa mara moja, tulishushwa hadi 33 mwaka 2022, halafu mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Sehemu iliyobaki inakuja kwa pensheni ya mwezi. Wapo wanaobishana hadi leo kama ni haki au si haki, na mimi nina langu moyoni. Lakini nyumba usiiwekee tegemeo la mkupuo. Jenga na mshahara, tofali kwa tofali, hata kama sebule itakaa bila dari miaka mitatu kama yangu ilivyokaa. Mkupuo ukukute ndani ya nyumba.

Mtu atauliza: basi kwa kuwahi huko, kwa nini hukustaafu kwa hiari ulipofika 55? Nilifikiria. Nikamwendea bibi, nikijua atanisifu maana nimekuwa mwanafunzi wake. Nilimkuta anapanda uwele shambani kabla ya mvua, kwenye kavu, anafukia kwa wayo wa mguu. Nikamsimulia.

"Hii mbegu unayoiona ni nusu," akasema, akanionyesha kibuyu. "Nusu nyingine iko ndani. Mvua ikidanganya, hii inaliwa na chungu na ndege. Miaka mingine inaliwa yote."

Hakusema zaidi, akaendelea kufukia. Nikaelewa kwamba hata anayewahi anabakiza mbegu. Mimi nilitaka kuimwaga yote: niache mshahara, niingie kwenye kilimo cha zabibu ambacho sijawahi hata kushika mkasi wake. Nikabaki kazini, nikakodi nusu eka Hombolo, najifunza kupogoa kwa hasara ndogo. Zabibu pia ndivyo ilivyo, kumbe. Ile unayouziwa barabarani Machi, mwenyewe aliipogoa Novemba. Msimu wa kwanza nilipogoa vibaya nikavuna ndoo nne. Nilicheka, kwa sababu mshahara ulikuwepo.

Kitu kimoja ambacho sijakiweza ni kulala mapema. Nalala saa sita, naamka saa kumi, na mchana masijala nasinzia juu ya majalada. Mwenye dawa aniambie.

Gata la mwaka huu limesafishwa tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya Nane Nane, vumbi la umati wa uwanjani likiwa bado juu ya paa. Mjukuu wa bibi ndiye aliyepanda, mimi nikashika ngazi kwa mikono miwili. Alitoa majani ndoo moja na nusu kwa kutumia upawa uleule, mpini wake umepinda tangu siku ile. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua, anachambua mlenda mkavu, nikadhani hatuoni.

"Pale kona umeacha," akasema.

Kijana akasogeza mkono. Kweli, kona ilikuwa imejaa.