Kabla ya Kununua Kiwanja Ushongo, Niambie Bamvua ni Lini

Tangu lami ianze kuikaribia Pangani, simu yangu haipoi. Anapiga mtu wa Dar, anapiga wa Arusha, juzi kapiga kijana aliyesoma na mdogo wangu. Swali ni lile lile: "Dada, kiwanja cha ufukweni Ushongo sasa hivi kinakwendaje?" Ushongo ni kijiji chetu cha pwani, kusini ya Pangani mjini. Barabara ya kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo inajengwa, na daraja la mto Pangani nalo, basi kila mwenye akiba kidogo ameshajenga hoteli kichwani.

Bei za viwanja sizijui, siuzi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita na mashua moja, mwaka wa tisa huu. Kwa hiyo anayeniuliza bei namjibu kwa swali: bamvua lijalo ni lini? Wengi hucheka, wakidhani natania. Anayejibu, hata akikosea siku mbili, huyo namkaribisha chai.

Kwa ndugu zangu wa bara nieleze kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanapwa sana na yanajaa sana. Kwetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, na baada ya wiki unakuta maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana. Zile picha za fungu la Maziwe mnazozipenda, mchanga mweupe katikati ya bahari kama sahani ya wali, nyingi zimepigwa asubuhi za bamvua. Nenda siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Utakuta maji.

Hili nililijua tangu mtoto, na bado nililivunja kwa sababu ya pesa. Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Wakala mmoja alinitumia wageni wanane, wamefika na basi saa sita mchana, kesho yake alfajiri wanaondoka, na Maziwe wameshalipia. Nahodha wangu alitazama bahari, akanitazama mimi, akasema, "Mama, tutakuta limeshazama." Nikamwambia twende hivyo hivyo. Fungu liko kama kilomita nane kutoka pwani, si mbali. Tulipofika mchanga ulikuwa bado upo, ukubwa wa uwanja wa nyumba. Wakashuka, wakatandika khanga, mpishi akatoa embe. Mchanga ukawa ukubwa wa jamvi. Kisha mkeka wa kuswalia. Mama mmoja wa Kidachi alikuwa amekaa na kisahani cha embe mapajani, maji yakamfikia kiunoni kabla hajala kipande cha tatu. Walicheka, kweli, lakini jioni waliomba nusu ya pesa zao, na niliwarudishia. Wakala yeye hakurudisha chake.

Ila lililoniuma si pesa. Kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa kwa kasi, nahodha hakupata pa kuweka mashua kwenye mchanga, akatupa nanga pembeni, haraka haraka. Tulipoivuta ikaja na tumbawe, tawi zima la ukubwa wa kiganja, limevunjika bado lina rangi. Mgeni mmoja akaliomba achukue nyumbani. Tumbawe hukua polepole. Na nanga yangu ilikuwa moja tu kati ya zilizotupwa wiki ile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio karibu wote: kalenda yako iandikwe na bahari, mgeni aifuate. Jikoni kwangu pana karatasi ya mwaka mzima, siku za bamvua nimezipaka wino mwekundu. Mgeni akiuliza chumba, kabla ya bei anaambiwa siku za Maziwe ni hizi, saa ni hizi, nafasi kwa siku ni nane. Akisema anataka siku ya katikati, isiyo ya bamvua, saa nane mchana, namwambia hakuna. Mwanzoni nilidhani nitakosa watu. Niliwakosa wachache, lakini waliobaki walianza kukaa siku nne badala ya moja, wakisubiri maji. Wanaosubiri maji wanakula, wanakodi baiskeli, wanakwenda kutazama nyumba za zamani pale Pangani mjini, wanapanda mtoni kutazama mikoko. Sijui kwa nini hesabu hii ilinichukua miaka miwili kuiona.

Boya ni jambo la pili, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: jiwe zito la zege, kamba nene, dumu la njano juu. Usijiwekee mwenyewe, kwa sababu Maziwe ni eneo tengefu na lina wenyewe serikalini. Ingia ofisini, omba, mtaelewana. Ukishafunga mashua kwenye boya nanga inabaki kwenye tezi kama pambo. Na ada ya kuingia lipa, risiti mwonyeshe mgeni. Wapo wanaokwepa kwa kwenda alfajiri. Siwataji, wanajijua.

Maziwe ilikuwa kisiwa. Wazee wa Ushongo wanakumbuka mivinje iliyosimama pale, na kasa waliokuwa wakipanda kutaga kwa wingi ambao pwani yetu haijauona tena. Mwaka 1975 ikatangazwa eneo tengefu, miongoni mwa ya kwanza ya bahari nchini, na kufikia miaka ya 1980 miti imekwisha, kisiwa kimelika, limebaki fungu linalotokea na kuzama. Wazee wanalaumu shoka: mti ukitoka, mchanga hauna wa kuushika. Wageni nawasimulia habari hii wakiwa wamekaa juu ya mchanga wenyewe, karibu na mwisho wa saa zetu, wakati maji yameanza kurudi. Baada ya hapo hakuna anayeniuliza kwa nini tunaondoka mapema.

Kasa bado wanakuja, na hawajui kwamba kisiwa hakipo. Anapanda usiku fungu likiwa nje, anafukia mayai yake mia na ushei, anarudi baharini, na maji yakijaa kiota kinazama. Ndiyo maana mayai ya Maziwe huhamishiwa ufukweni Ushongo, na walezi wenye ruhusa ya kazi hiyo: yanatolewa ndani ya saa chache, bila kugeuzwa, yanazikwa kwa kina kile kile. Yanakaa kama siku 55 hadi 60. Siku ya kutoka, jioni jua likishapoa, utaona mchanga unatitia katikati kama unga uliotobolewa chini, kisha kichwa kimoja, kisha wote kwa pamoja. Mgeni aliyekuja kwa Maziwe huondoka akizungumzia jioni hiyo.

Sasa wewe unayetaka kiwanja, sikia hili. Mtoto wa kasa hufuata mwanga. Miaka yote mwanga wa usiku ulikuwa upande wa bahari. Ukiweka taa kumi nyeupe kwenye baraza yako, atakufuata wewe, atafika kwenye maua yako, asubuhi kunguru watamkuta. Mimi taa zangu za upande wa bahari ni hafifu, nimezifunika kwa juu, na msimu wa viota zinazimwa saa tatu. Haigharimu kitu, na bado ndilo jambo gumu kuliko yote kumshawishi mwenye hoteli. Anaona giza kama umaskini.

Kwenye kiwanja chenyewe, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Anayekuuzia mpaka kwenye minazi iliyoinamia maji anakuuzia kesi. Tena anakuuzia ukuta utakaoujenga kila mwaka, maana ufukwe wetu unatembea: upepo wa kusi unaupeleka huku, wa kaskazi unaurudisha kule. Na ardhi ya kijiji haiuzwi kwenye kibaraza cha mtu mmoja mwenye mhuri. Nenda mkutano mkuu wa kijiji, kaa chini, usikilizwe na usikilize. Ukikataliwa pale umeokoa pesa zako.

Kuna jambo la maji ya kunywa ambalo nalisema kwa aibu. Nilipoanza nilichimba kisima, nikafunga pampu, vyumba vyote bafu la mvua. Mwezi wa pili wa kiangazi akaja bibi jirani, asubuhi, ameshika birika. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba. Nipe kikombe." Nikampa. Akamimina chai, akanisukumia. "Kunywa." Nikanywa. Ilikuwa ya chumvi. Hakusema zaidi, alichukua birika lake akaondoka, na mimi nikabaki na kikombe mkononi. Karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Ukiyavuta kwa pupa, ya chumvi yanapanda, na hayapandi kwako peke yako. Pampu niliing'oa wiki ile ile. Sasa nina mabati ya kuvunia mvua ya masika na matangi mawili, na bafuni pana ndoo na kata. Wageni wanaipenda kata kupita kiasi, mmoja alitaka kuinunua. Kisiwa cha Chumbe kule Unguja wamefanya haya tangu miaka ya 1990, vibanda saba tu, maji ya mvua, vyoo visivyotumia maji, na walinzi wa matumbawe ni watu waliokuwa wavuvi. Nilikwenda kuona kwa macho yangu na sikuona mgeni aliyenuna.

Nirudi kwenye bamvua, kwa sababu kuna mgongano ambao hautauona usipoishi hapa. Zile asubuhi nzuri za wageni ndizo asubuhi za kina mama kwenda mwambani kutafuta pweza. Maji yakiwa nje wanatembea wameinama, chuma mkononi, wanasoma mashimo. Wageni wangu walikuwa wakiwafuata na kamera, wakikanyaga palepale panapotafutwa. Mama mmoja akanijia: "Mwambie mgeni wako, na mimi niko kazini. Nikija ofisini kwake nikampiga picha ya mgongo, atafurahi?" Tukakaa wote, tukaweka upande wa mwamba ambao wageni hawaendi kabisa. Upande mwingine wanakwenda wanne wanne, na anawaongoza mama mmoja kwa zamu, kwa malipo yaliyoandikwa. Pweza wao nanunua kwa bei ile ile anayotoa mchuuzi wa mjini, na wa chini ya nusu kilo sichukui hata akiletwa na mtoto anayelia.

Malipo nimesema yaliyoandikwa. Bandani, mahali ambapo kila mtu anapita, pana ubao: safari moja, nahodha kiasi gani, baharia, mpishi, ada ya hifadhi, mafuta ya mashine, mfuko wa kijiji, na mimi. Siku ya kwanza nilipoandika hicho changu mkono ulikuwa mzito. Lakini tangu ubao ule uwepo sijasikia kwamba "yule mama anakula na Wazungu." Na yule nahodha, alipoona sehemu yake kwa chaki, ndiye alianza kuwagombeza vijana wa boti nyingine wanaofukuza pomboo kwa mashine.

Msiuze msichoweza kuonyesha. Tanga ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa huku kuanza kumnasa kwenye jarife zao samaki ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka tangu enzi za kale. Jambo la fahari. Lakini silikanti anaishi kilindini, mita mia na zaidi, mgeni wako mwenye miwani ya kuzamia hatamwona hata akikaa mwaka. Niliona bango moja limeandikwa "Ogelea na Silikanti." Wageni waliodanganywa pale walikuja kwangu wakinitazama kwa jicho la shaka hata nilipowaambia chakula ni samaki changu na wali wa nazi.

Na weka akiba ya msimu wa kusi. Mwezi wa tano mvua, wa sita na wa saba upepo. Maziwe haiendeki kwa salama siku nyingi, na mimi siendi. Kila safari ya msimu mzuri nakata sehemu naweka pembeni, ndiyo inayolipa watu miezi hiyo, nusu mshahara lakini bila kukosa. Mwaka wa kwanza sikuweka, baharia wangu akaenda na watu wanaovua kwa baruti kwa sababu alikuwa na watoto. Sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Sasa hivi naandika ni msimu wa kusi. Mashua iko juu ya magogo, nahodha anaikalafati, anapigilia pamba ya mafuta kati ya mbao na anaimba kwa sauti mbaya sana. Bamvua la kwanza la kaskazi nimeshalipaka wino. Nafasi zimebaki tatu.