Presha imepanda na medikali (vipimo vya afya vya cheti cha urubani) iko mwezi ujao, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni rubani, nina miaka 43, narusha ndege ndogo aina ya Caravan peke yangu napeleka watalii Serengeti. Juzi nimepima presha famasi ikaja 158/100, kesho yake nikarudia bado iko juu. Mwenzangu kaniambia ninunue vidonge nimeze kimya kimya mpaka medikali ipite, maana nikisema tu nasimamishwa na nina watoto wanasoma. Naogopa kwa kweli.
Rubani, Arusha

JIBU: Marahaba kapteni. Kwanza nakuomba sana, usimeze dawa kwa siri halafu ukapande ndege. Dawa za presha siku za mwanzo zinaweza kuishusha kupita kiasi, unasimama kichwa kinazunguka, na wewe pembeni huna mtu wa kushika usukani. Ndo maana ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanataka rubani anayebeba abiria peke yake akishavuka miaka 40 apimwe kila miezi 6 na sio 12.

Ila kazi haijaisha. Presha ikitulia kwa dawa medikali inapatikana, wako marubani wengi tu wanaruka huku wanatumia amlodipini au losartani kila siku. Kuna dawa zinakataliwa, Marekani kwa mfano hawataki methildopa wala klonidini kwa sababu zinagusa ubongo na kuleta usingizi, kwa hiyo usichaguliwe dawa na muuza famasi. Na mambo yamelegea sana siku hizi, hata wenye kisukari wanaojidunga insulini Uingereza iliwafungulia mlango wa kurusha ndege za biashara 2012, Marekani ikafuata 2019, masharti yake ni kupima sukari mpaka wakiwa angani.

Wewe fanya hivi, acha kuruka kuanzia leo halafu nenda mwenyewe kwa daktari wa anga anayekupa medikali, usisubiri tarehe ifike. Nunua mashine ya kufunga mkononi, kaa umetulia dakika 5 ndo upime, asubuhi na jioni, andika tarehe, saa na namba zote hata zile mbaya, maana anachotafuta yule daktari ni presha iliyotulia kwa muda na dawa isiyokulewesha. Beba ECG (kipimo cha umeme wa moyo), majibu ya figo, na barua ya daktari anayekutibu yenye jina la dawa na dozi. Utakaa chini kwa muda, ndio, na mshahara utayumba, kwa hiyo ongea na bosi wako mapema akupangie kazi za ofisini, na umuulize daktari wa anga TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) wanataka vipimo gani vingine ili faili lisirudishwe.